Amenipangusia kidole chenye vumbi kwenye kanzu nyeupe, kisha akaniambia ni oili ya filta

Ndugu zangu, ninaandika haya nikiwa sijavua kanzu yenyewe, na alama iko hapa begani, nyekundu kama udongo wa Newala, kwa sababu ndiyo udongo wa Newala. Sina haja ya kumtaja fundi aliyeiweka. Kila mwenye pikapu kati ya Mikindani na Masasi ameshapita mikononi mwake. Ni yule anayemwita mteja "bosi" kabla ya malipo na "mzee" baada ya malipo.

Mwezi wa tano alinishawishi nitoe filta ya hewa ya karatasi kwenye pikapu yangu ya dizeli na kuweka ile ya pamba, inayofuliwa na kupakwa oili, ambayo yeye huiita filta ya maisha. Aliniahidi kwamba nguvu zitaongezeka, dizeli itapungua na sitanunua filta tena hadi wajukuu wangu watakapoirithi. Kwa maelezo yake, gari lingefika Tandahimba kabla sijamaliza kufunga mlango.

Jumatano iliyopita, nikiwa na mifuko arobaini ya salfa ya wakulima wa korosho, nilikuwa ninapanda mlima wa kuingia Newala kutokea Masasi, taa ya injini ikawaka na gari likakosa pumzi kabisa, hata bodaboda aliyepakia godoro na kuku wanne akanipita, na kuku mmoja alinitazama. Leo Ijumaa nikampitia kabla ya sala. Alifungua klipu za boksi la filta, akachomoa bomba linalotoka kwenye filta kwenda kwenye tabo, ile feni inayosukumia injini hewa, akaingiza kidole ndani, na kidole kikatoka chekundu. Upande ule, ndugu zangu, ni upande wa hewa iliyokwisha kuchujwa! Nilipomuuliza vumbi limefikaje huko, akakipangusa kidole kwenye bega langu, mbele ya vijana sita wa gereji, akasema: "Hiyo ni oili ya filta, mzee, rangi yake ndiyo hiyo nyekundu."

Ninajua kwamba oili ya filta hizo hutiwa rangi nyekundu ili mpakaji aone ilipofika. Lakini nilisugua alama ile kati ya vidole viwili na ikakwaruza kama mchanga wa ufukweni. Oili haikwaruzi. Kwenye kanzu yangu! Siku ya Ijumaa!

Baba Mapacha, Lindi: Pole sana, mjomba. Mimi aliniuzia filta hiyo hiyo kwa maneno hayo hayo, ila wajukuu niliambiwa watairithi pamoja na gari. Baada ya miezi mitatu gari lilikuwa linakohoa kuliko babu yangu.

Mkorosho Mkavu: Mzee wangu, ninakuheshimu, lakini mtu anayekwenda gereji kuchungulia bomba la tabo akiwa amevaa kanzu nyeupe amejitakia mwenyewe.

Mwenye uzi (mwandishi wa hapo juu): Nilikuwa ninakwenda msikitini. Kanzu haikukifuata kidole, kidole ndicho kilichoifuata kanzu.

Fundi wa Dizeli, Mtwara: Tuachane na kanzu kidogo. Kwenye dizeli yenye tabo, filta ya namna hiyo haina faida ambayo dereva wa mizigo ataiona. Tabo huvuta na kusukuma hewa kwa nguvu, na filta ya karatasi iliyo safi haiinyimi injini hewa inayoihitaji. Kilichokuangusha mlimani, kwa maelezo yako, huenda ni sensa ya hewa. Ndani yake mna uzi mwembamba unaopashwa moto, na kompyuta hukadiria hewa kwa jinsi uzi huo unavyopoozwa. Pamba ikilowa oili kupita kiasi, oili husafiri na hewa na kuganda kwenye uzi, vumbi nalo likanata hapo, na kompyuta ikapata hesabu ya uongo. Je, ulipaka oili gani baada ya kuifua?

Mwenye uzi: Alinielekeza niichovye kwenye oili ya injini mpaka idondoke. Alisimama pale akinitazama nikiichovya, na kidole chake ndicho kilichonionyesha ndoo.

Fundi wa Dizeli, Mtwara: Basi safisha sensa kwa dawa yake maalumu, usiiguse kwa kitambaa, na urudishe karatasi. Angalia pia mapanga ya tabo, kwa maana chembe za mchanga wetu ni ngumu kuliko chuma cha kawaida, na zikipita hapo huenda kula silinda na ringi za pistoni.

Mwalimu wa Fizikia: Kuhusu kupungua kwa mafuta, maabara ya taifa ya Oak Ridge ya Marekani ilipima jambo hili kwa magari ya petroli na kutoa ripoti mwaka 2009. Kwenye magari ya kisasa, hata filta iliyoziba haikuongeza ulaji wa mafuta kwa kiasi cha kueleweka. Kilichoathirika ni uwezo wa gari kuchanganya mwendo. Ikiwa filta chafu haikuongeza ulaji, sioni filta ya pamba ingepunguza kitu gani.

Dereva wa Liwale: Karatasi mnazozisifia nazo zina mambo yake. Kijana mmoja aliipuliza ya kwangu kwa kompresa mpaka ikatoboka tundu la kupitisha kalamu, akairudisha na kuniambia imekuwa mpya. Kutoka Nachingwea mpaka Liwale nilimeza vumbi mimi, na injini ikameza pamoja nami.

Mkorosho Mkavu: Afadhali wewe ulitobolewa. Mimi niliuziwa karatasi fupi kwa nusu sentimita, kwa hiyo mpira wake haukugusa ukingo wa boksi, na hewa yote ikapita pembeni. Filta ilibaki nyeupe mwaka mzima, nami nikafurahi nikidhani barabara zimekuwa safi.

Baba Mapacha, Lindi: Hiyo ndiyo iliyoniua mimi! Na anayeziuza tunamjua sote, ni mwingine, ana duka lenye mlango wa bluu.

Mwenye uzi: Naomba turudi kwenye kidole. Mtu amekipangusa kwenye kanzu yangu.

Dereva wa Liwale: Kwani wa mlango wa bluu bado anauza? Mimi alinipa klipu za boksi ambazo hazifungi, nikazifunga kwa mpira wa baiskeli mpaka leo. Mwenye klipu za chuma za kweli, hata zilizotumika, aniambie anakaa wapi, kwa kuwa Jumatatu ninapakia mahindi.

Fundi wa Dizeli, Mtwara: Ninazo mbili. Niambie boksi lako ni la mviringo au la mraba.