Dogo kabeba abiria mwenye simu za wizi, naye anahesabika mwizi?

Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri wenu hasa mliosoma sheria.

Mdogo wangu ni bodaboda huku Tandika, kampakia abiria ana begi anaenda Kariakoo, njiani wakasimamishwa, kumbe begi limejaa simu za wizi, sasa wote wawili wako ndani na dogo anaambiwa na yeye ni mshiriki. Baba mdogo ndo anatuvuruga kabisa, anasema kukutwa na mzigo tu inatosha. Mi nimepitia Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, naona kifungu cha 8 kinasema kutojua sheria sio utetezi, sawa, ila dogo sheria anaijua bana, asichokijua ni kilichokuwemo kwenye begi, na kifungu cha 11 kinamlinda mtu aliyeamini jambo kwa ukweli na kwa sababu za msingi hata kama kakosea. Na kile cha 23 cha nia ya pamoja, nia gani ya pamoja na mtu uliyekutana nae kijiweni?

Kinachonitia presha, jamaa alimlipa nauli karibu mara mbili ya kawaida, na kosa la kupokea mali ya wizi linamgusa hata mwenye "sababu ya kuamini". Hiyo hela si ndo wataigeuza kuwa sababu?

Halafu hiyo ya nauli aiseme mwenyewe kwenye maelezo polisi au asubiri wakili kwanza?