Neno "scale" linanichanganya, samaki na mizani wapi na wapi?

Mwanagenzi: Wakuu habari zenu, nasoma kitabu cha sayansi cha kiingereza nimekwama. Ukurasa mmoja samaki ana "scales", mbele kidogo wanapima uzito kwa "scale", chini kuna ramani nayo ina "scale" yake. Mi nilijua ni mizani basi! Kamusi ndo imezidi kunipoteza.

Kalamu Butu: Pole, hayo ni maneno tofauti yaliyokuja kufanana tu. La mizani limetoka lugha ya zamani ya Skandinavia, "skál", yani bakuli, we iangalie ile mizani ya zamani yenye visahani viwili vinaning'inia utaona bakuli lenyewe, na ndo maana Waingereza wengi wanasema "scales" kwa wingi hata kama mizani ni moja. La ramani ni kilatini "scala", ngazi, vile vistari vya rula si kama vidaraja? Hata ile ya muziki, do re mi, ni ngazi hiyohiyo. La samaki limepitia kifaransa cha zamani, maana yake ganda.

Mzee wa Nukta: Nyongeza kidogo, bakuli na ganda asili yao ni moja huko nyuma, ganda ukiligeuza si bakuli? Kwahiyo samaki na mizani ni ndugu wa mbali, mgeni ni ramani. Na kwenye ramani angalieni sana, 1:50,000 maana yake sentimita 1 ni mita 500 ardhini, ila ramani ya skeli kubwa ndo inaonyesha eneo dogo, watu wengi wanageuza. Ya 1:10,000 ni kubwa kuliko ya 1:1,000,000.

Mwanagenzi: Aaah kumbe. Na ile ya matetemeko, ya Richter?

Mzee wa Nukta: Ngazi pia, ya 1935. Ila daraja zake sio za kawaida, ukitoka 5 kwenda 6 mtikisiko unaoandikwa na mashine unakuwa mara 10.

Kalamu Butu: Halafu kuna "scale" kitenzi, kupanda ukuta na pia kutoa magamba ya samaki. Msiwacheke Waingereza lakini, sisi ndege inapaa na samaki tunampaa 😂

Mwanagenzi: Duh, hiyo sikuwahi kuiwaza kabisa.