Mnaolilia "endigemu" kwenye gemu za sandiboksi: mmetuulia soko na bado mnauliza mwisho uko wapi

Wakuu, heshima mbele.

Uzi ni mrefu, asiye na subira apite kimya kimya. Mods naomba msiuunganishe na ule wa gemu za kompyuta dhaifu. Sitafuti ushauri wa kompyuta, leo natoa povu. Kwa wageni: sandiboksi ni gemu ya mtandaoni isiyo na njia moja, wachezaji wenyewe ndio wanaojenga soko na vita. Endigemu ni kile cha kufanya ukishafika juu kabisa.

Jana usiku nimeingia kwenye gemu nikiwa na pinde 412 ghalani. Jina la gemu silitaji, wanaocheza wataijua tu. Nimekaa dukani kwangu karibu na lango la kaskazini saa mbili na nusu. Nimeuza pinde mbili. Mbili! Mnunuzi mmoja akaniambia kabisa kuwa anautaka wa kutundika ukutani, sebule yake ipendeze. Mwaka juzi duka hilohilo lilikuwa linatoa pinde 60 kwa usiku mmoja, na Ijumaa watu wananipigia kelele kwenye maiki eti nawachelewesha vita.

Kilichotokea ni apdeti, yaani toleo jipya la gemu. Wameleta mashimo yenye mabosi, yale madubwana makubwa yanayoendeshwa na kompyuta. Ukiua bosi anadondosha upinde ambao hauvunjiki, hauuziki, na ukifa haupotei. Ni wako peke yako kama kitambulisho cha taifa. Sasa niambieni, fundi pinde anamuuzia nani? Mkata mbao anamkatia nani? Na tangazo la apdeti lilianza kwa maneno haya, kwa lugha yetu: wachezaji wetu wameomba endigemu, tumewasikia.

Wachezaji gani hao? Nawajua. Mmoja alikuwa klani yetu, kundi letu la kucheza pamoja.

Dogo aliingia Machi. Akanunua dhahabu ya gemu kwa pesa halisi, akanunua deraya, akanunua farasi, akanunua nyumba ya ghorofa pale sokoni. Wiki ya tatu tuko kwenye maiki tunapanga safari, akasema, "Oya wazee, mimi nimemaliza. Sasa kuna nini?" Nikamuuliza umemaliza nini. Akasema vitu vyote anavyo. Nikamwambia umenunua, hujamaliza. Siku iliyofuata alikuwa ameshaandika kwenye ukurasa wa gemu kuwa haina endigemu. Watu mia kadhaa wakamuunga mkono.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo, na naomba mnisikilize. Neno endigemu limetoka kwenye gemu za njia moja. World of Warcraft ilipotoka 2004, ulipanda hadi levo 60, halafu unaambiwa gemu ndiyo inaanza: kusanyeni watu 40 mwingie pango la Molten Core mkaue mabosi, mpate nguo za kuulia mabosi wakubwa zaidi. Sina ugomvi nayo. Ni kama basi la mkoani, unapanda stendi ya Mbezi unajua unashuka wapi, na konda yupo wa kukuamsha. Ila huwezi kwenda sokoni Kariakoo ukamuuliza mama muuza nyanya, "Hili soko linaishia wapi? Nikishamaliza nyanya kuna bosi?"

Sandiboksi ni soko. Kilichopo mwishoni ni watu, na cha kufanya ni kile ambacho wao wanakihitaji kutoka kwako, au wanakitaka kutoka kwako kwa nguvu. Basi.

Na wala si jambo jipya. Moja ya gemu za kwanza kabisa za watu wengi kucheza pamoja kwa mtandao, MUD, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Essex kule Uingereza 1978, ilikuwa na mwisho: ukifikisha pointi zinazotakiwa unakuwa mchawi. Mchawi wa kweli, unapewa mamlaka juu ya wachezaji wengine. Ni maandishi matupu, hakuna hata picha moja, lakini wale jamaa walishaelewa kuwa zawadi kubwa ukishapita yote ni nafasi yako mbele ya wenzako. Leo zawadi ni upinde unaong'aa.

Tuje EVE Online, gemu ya meli za anga ya wale Waaisilandi, ipo tangu 2003. Mnaisikia kwa vita vyake. Vile vya eneo la B-R5RB Januari 2014 vilipiga zaidi ya saa 20, meli 75 za Titan, zile kubwa kuliko zote, zikateketea, na hasara yote ikakadiriwa kuzidi dola 300,000 za pesa halisi. Watu wanasimulia idadi ya meli, wanasahau chanzo. Chanzo ni bili! Muungano mmoja ulitakiwa kulipia umiliki wa eneo, malipo hayakupita, eneo likabaki bila mwenyewe, majirani wakaingia. Nani angekaa ofisini akabuni kitu kama hicho? Hakuna misheni inayosema "sahau kulipa kodi ya pango, upigane na dunia nzima". Kimetoka kwa watu, na kimetoka kwa sababu Titan ikilipuka imelipuka. Mtu aliijenga kwa wiki na wiki, madini yake yalichimbwa na wengine, na wengine tena wakayabeba. Mia wakilia kwa hasara, elfu wanapata kazi. Hata soko lao kubwa, Jita, wachezaji wenyewe ndio waliolifanya Kariakoo ya anga kwa kulizoea.

Sasa nirudi kwangu, maana najua kuna mtu atasema EVE ni ya Wazungu wenye muda.

Gemu yetu kabla ya apdeti. Nimebeba mbao nyekundu, kazi ya wiki tatu, mikokoteni mitatu ya punda, napita njia ya msituni kwa sababu ni fupi. Saa nane usiku. Pale kwenye kivuko punda wanapunguza mwendo, hiyo iko hivyo, maji yanawashika. Ng'ambo nikaona moto wa kambi unawaka, pembeni hakuna mtu. Moto umewashwa na hakuna mtu! Nikajua nimekwisha. Walitoka watano. Haikufika dakika moja. Walichukua mikokoteni yote, wakaniachia punda mmoja, na mmoja wao akaandika "pole mzee" kabla hajaondoka. Kumbe Mswahili. Hapohapo bando likakata.

Mikono ilikuwa inatetemeka, si utani. Mke akaamka.

"Kuna nini?"

"Nimeibiwa."

"Simu?"

"Mbao."

Akaniangalia, akageukia ukutani.

Kesho yake nikasikia mbao nyekundu zinauzwa nusu bei mji wa jirani. Nikamtuma mtu azinunue. Ndiyo, nimenunua mbao zangu mwenyewe, chekeni. Halafu nikamtafuta mkubwa wao, nikamwandikia: nyie mnavunja pinde ngapi kwa wiki? Akasema nyingi. Nikamwambia, mimi nitawapa pinde, nyie mnisindikize kivukoni, na wenzenu wakija mpigane nao. Tulifanya biashara hiyo miezi minane. Siku tulipoongea kwa maiki ndiyo nikajua jamaa ni mwalimu wa sekondari huko Kakamega, mpole, anaongea kama anasoma taarifa ya habari.

Mbao nilikuwa naletewa na kijana wa Mombasa, kila Jumatano ananiuliza, "Ndugu yangu, pesa zangu zaja lini?" Mizigo ya mbali alibeba jamaa wa Lubumbashi, akifika langoni utamsikia, "Mukubwa, bintu yako inakwisha fika!" Usiku mwingine watu wa Muscat wanaingia, wanauliza bei, wanaomba punguzo kama tuko Darajani Unguja. Miaka miwili na nusu. Hakuna kati yetu aliyewahi kuuliza endigemu iko wapi.

Leo ile njia ya msituni ni salama. Nimepita jana na mkokoteni mmoja, peke yangu, polepole. Hakuna moto wa kambi. Hakuna jambazi, kwa sababu nimebeba kitu gani cha kuibiwa? Usalama wa makaburini. Mwalimu ameacha kucheza. Mtu wa Lubumbashi anaingia mara moja moja, anasimama langoni, anatoka.

Na msinidanganye kuwa watengenezaji hawakujua. Hili limeshatokea, na limeandikwa kila mahali. Star Wars Galaxies, sandiboksi nyingine, ilitoka 2003 ikiwa na fani zaidi ya 30. Mtu alikuwa anacheza ngoma baa, ndiyo kazi yake, na wapiganaji walikuwa wanamhitaji kwa sababu uchovu wa vita ulikuwa unatolewa palepale baa. Kuna fundi deraya aliyefahamika seva nzima kwa jina, kwa sababu alijua madini bora ya mwezi ule yamepatikana sayari gani. Miji ya wachezaji ilikuwa na meya wa kuchaguliwa. Novemba 2005 wakaja na mabadiliko makubwa, fani zikawa 9, kila mtu awe shujaa, gemu iwe ya kupiga risasi na kukimbia. Tena siku chache tu baada ya kuwauzia watu nyongeza mpya ya kulipia, mpaka ikabidi warudishe pesa. Wachezaji wakaondoka kwa makundi, na Desemba 2011 seva zikafungwa. Walitaka wateja wa Warcraft. Wateja wa Warcraft walikuwa na Warcraft.

Nitakubali jambo moja, nisionekane kichaa. Mgeni kwenye gemu hizi anateseka. Ultima Online ya 1997 ilikuwa hivyo, ukitoka nje ya mji unachinjwa, unavuliwa mpaka viatu. Mwaka 2000 wakaigawa dunia mara mbili, upande mmoja huuliwi bila ridhaa yako, na watu wengi walihamia huko kwa furaha. Siwalaumu. Mtu ametoka kazini, ana saa moja, hataki kuibiwa na mtoto wa miaka kumi na tano. Mwekeeni eneo lake. Mpeni misheni fupi, mpeni hata bosi wa kumuua akalale. Lakini vitu vyake VIVUNJIKE. Hapo tu. Bosi adondoshe ngozi adimu au jino, alete kwa fundi, fundi atengeneze upinde, upinde ukatike baada ya wiki mbili, arudi tena. Bosi wenu mngebaki naye na mimi ningebaki na duka. Mbona halikuwa gumu?

Nyongeza, maana naona majibu yameanza:

Wa #4 unayesema "mzee tafuta kazi", kazi ninayo, nimetoka huko sasa hivi. Na mimi silipi gemu kwa pesa yako.

Wa #6 unasema nimekasirika kwa sababu nilikuwa tajiri wa gemu. Mkuu, mikokoteni mitatu si utajiri. Tajiri ni dogo, na yeye ameshaacha! Apdeti mliyoiomba kwa ajili yake amecheza siku tisa, kaua mabosi wote, kaandika tena haina endigemu. Nenda ukurasani ukasome, ipo.

Wa #9, swali lako zuri. Umeuliza mtu asiye fundi, asiye jambazi, asiyependa vita, atafanya nini kwenye sandiboksi akishakuwa na kila kitu. Nikwambie nilichokiona. Kulikuwa na dada mmoja, upinde hajawahi kuushika. Alikuwa anakaa sokoni anaandika bei za miji yote sita kwenye jedwali, kila asubuhi, anaziuza. Tulikuwa tunamlipa wote, mpaka wale majambazi, maana walitaka kujua njia ipi itakuwa na mizigo. Tukashtuka baadaye kumbe alikuwa anawauzia wao njia zetu na anatuuzia sisi zile zisizo na majambazi. Tulimtukana wiki nzima, halafu tukaendelea kununua. Yule mumuulize endigemu. Tangu apdeti hajaonekana, bei hazibadiliki tena, atauza nini.

Malipo yangu ya mwezi yanaisha tarehe 28 na sirudishi. Pinde 410 zilizobaki nitazigawa bure pale langoni Jumamosi kuanzia saa tatu usiku, mje na farasi, mtu mmoja asichukue zaidi ya ishirini. Mwalimu, kama unasoma hapa, zako hamsini nimezitenga.

Na mwenye kujua gemu ambayo vitu bado vinavunjika, inayokubali RAM ya 8 na intaneti ya bando, aiandike hapa chini. Nishasema sitafuti ushauri wa kompyuta, najua. Iandikeni tu.