Forgotten Weapons, Garand Thumb au Kentucky Ballistics: kwa mtu mwenye saa moja tu usiku, ipi?

Kiroboto_wa_Usiku:
Wakuu, habari za muda huu. Nyumba ikitulia nabaki na saa moja yangu, na YouTube imeshanijua udhaifu. Nikifungua tu, naletewa jamaa mwenye miwani myeusi anapasua tikiti maji kwa bunduki inayomzidi urefu. Matikiti nimeyachoka. Nataka kuelewa silaha inafanyaje kazi, na askari anaishije siku ambazo hapigani, ambazo nasikia ndizo nyingi. Nimeonja hizo chaneli tatu hapo juu. Nyinyi mngebaki na ipi?

Chuma_Chakavu:
Forgotten Weapons, bila kupepesa. Ian McCollum anakaa nyuma ya meza, bunduki iko mbele yake, basi. Nyingi ni za kwenye mnada, kwa hiyo anashika vitu ambavyo sisi wengine tungeviona nyuma ya kioo cha makumbusho. Anachomoa bolti, kile kipande kinachoziba nyuma ya mtutu, anaigeuza kwenye kamera, anakuonyesha meno yake yanavyojifunga kwenye mtutu kabla risasi haijalipuka. Kisha anakwambia kwa nini bunduki hiyo haikununuliwa na jeshi lolote. Hapo ndipo utamu ulipo: mara nyingi chuma chenyewe kilikuwa sawa, kilichokwama ni fedha, au vita viliisha mapema, au jenerali mmoja hakuipenda.

Ubaya wake? Video nyingi hapigi hata risasi moja. Anayetaka kishindo atasinzia.

Ukiwa na muda zaidi nenda chaneli ya C&Rsenal. Othais anasimulia historia, Mae anafyatua na kutoa maoni yake kama mpigaji. Silaha za Vita Kuu ya Kwanza wamezichambua moja baada ya nyingine, pamoja na michoro inayotembea inayokuonyesha ndani ya bunduki kila kipande kinasukuma kipi. Ila saa yako moja haitatosha, nakuonya.

Dada_wa_Lindo:
Chuma umesema kweli lakini umemjibu nusu. Ameuliza na maisha ya askari.

Mwenye Garand Thumb alikuwa mkufunzi wa SERE katika Jeshi la Anga la Marekani: kazi yake ilikuwa kuwafundisha marubani na wenzao jinsi ya kuishi porini ndege ikianguka, kumkwepa adui, na kuvumilia wakikamatwa. Kwa hiyo akiwa kwenye theluji na miwani ya kuonea gizani, anajua anachofanya. Shida ni kwamba nusu ya maneno yake ni utani, anautoa kwa uso mkavu, na mgeni hawezi kutofautisha. Mdogo wangu alirudia mbele za watu jambo alilolisikia kule akidhani ni mafunzo. Tulicheka mpaka akanuna.

Bawaba:
Kentucky Ballistics wengi wanamdharau kwa sababu ya vishindo, lakini kuna video moja lazima uione. Aprili 2021 Scott DeShields alikuwa anapiga bomba la zimamoto kwa bunduki ya kaliba .50 (risasi nene kama nusu inchi), ya risasi mojamoja, ambayo nyuma inafungwa kwa kifuniko cha kuzungusha kama cha chupa. Risasi ilikuwa ya zamani. Moja ikalipuka kwa nguvu kupita kiasi, kifuniko kikang'oka na vipande vikamrudia. Mfupa wa jicho ukavunjika, pafu likatoboka, mshipa mkubwa wa shingoni ukakatika. Akaweka kidole gumba kwenye jeraha. Baba yake alikuwepo, akamkimbiza hospitali.

Alipopata nafuu akakaa mbele ya kamera akaionyesha ajali yenyewe polepole, akieleza hatua kwa hatua. Tangu siku hiyo nikimwona mtu anajisifu kwa risasi kuukuu za bei rahisi, nasogea mbali.

Mpinga_Kelele:
Samahani wakuu, hamuoni hizi zote ni matangazo ya biashara ya bunduki ya Marekani? Mtu analetewa silaha bure halafu unategemea aseme ni mbovu?

Chuma_Chakavu:
Swali halali, mkuu, ila usiwatie wote kapu moja. Forgotten Weapons inaendeshwa zaidi kwa michango ya watazamaji. InRange, chaneli ya silaha ya Karl Kasarda, haichukui wadhamini kabisa. Huyo Karl, YouTube ilipokaza masharti Machi 2018 na kukataza video zinazopeleka watu kwenye maduka ya silaha, alianza kuweka video zake pia kwenye tovuti ya filamu za wakubwa. Bunduki ya kale katikati ya mambo yale! Juni 2024 wakakaza tena: video za silaha za kujitengenezea nyumbani na za rashasha zikawa za wenye miaka 18 na zaidi.

Dada_wa_Lindo:
Mpinga, kwa wasiwasi wako mtafute Paul Harrell. Alipitia kikosi cha Marine cha Marekani na Jeshi la Nchi Kavu, na ndiye mtu mtaratibu kuliko wote niliowaona. Badala ya tikiti alikuwa anapanga ngozi, mbavu za nguruwe, machungwa mahali pa mapafu, mbavu tena, na nyuma yake tabaka za kitambaa kizito. Akishapiga, anafungua tabaka moja moja akihesabu risasi imefika ya ngapi. Halafu hakupi jibu, anakuachia uamue mwenyewe. Alifariki Septemba 2024 kwa saratani. Video ya kuaga alikuwa ameirekodi mwenyewe kabla, ikatoka baada ya kifo chake. Sijawahi kuirudia mara ya pili.

Baharia_Mstaafu:
Vijana, mnazungumzia bunduki tu. Mimi nimevaa gwanda, nawaambia: askari anawaza tumbo. Tazameni Steve1989MREInfo. Anafungua pakiti za chakula cha jeshi, mpya na za kale, anapanga kila kitu kwenye sinia, ananusa, kisha anaonja. Amewahi kula biskuti ngumu ya 1863, ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, na posho ya dharura ya 1899 ya Vita vya Makaburu. Sauti yake ya chini kama ya mtu anayembembeleza mtoto. Sigara, kahawa ya unga, karatasi ya chooni ndani ya pakiti: hivyo vidogo ndivyo tulivyokuwa tunabadilishana.

Na kwa vifaru, Nicholas Moran, Mwairishi aliyewahi kuwa afisa wa vifaru katika jeshi la Marekani. Anaingia ndani na mwili wake mrefu, halafu anajaribu kutoka haraka kana kwamba kifaru kinaungua. Miguu inanasa, kichwa kinagonga. Pia anaeleza kwa muda mrefu jinsi ya kukaza mnyororo unaozunguka magurudumu ya kifaru, hadi watazamaji wamelifanya mzaha. Mimi sikucheka. Anayepuuza mnyororo hulala matopeni.

Bawaba:
Mzee wetu umemaliza. Naongeza tu Makumbusho ya Vifaru ya Bovington, Uingereza. Wanayo Tiger 131, kifaru cha Wajerumani kilichotekwa Tunisia mwaka 1943, na bado kinatembea.

Kiroboto_wa_Usiku:
Asanteni wakuu. Jana nilikusudia kuanza na meza ya McCollum, nikapita kwa Steve dakika tano tu. Mke wangu kaamka saa tisa usiku kanikuta natazama mwanaume mzima ananusa nyama ya 1899, akaniuliza kama niko sawa. Nimemwambia ni utafiti. Leo amesema tutazame wote, ila nianze na ile ya biskuti.