MREJESHO: Ule mkojo wa mathe wenye povu

Wasee, mnakumbuka niliuliza mbona mathe anakojoa povu kama ya sabuni na miguu imefura, wengi mkasema hanywi maji ya kutosha. Sasa nimerudi. Tulidandia mat asubuhi kutoka Kayole hadi tao, kliniki wakampima presha ikasoma 168/102, na mkojo ukapatikana na protini.

Daktari akatuchorea figo nyuma ya risiti. Kumbe figo yenyewe ndio hutoa renini, hiyo renini inaanzisha mambo mpaka inapatikana homoni inaitwa anjiotensini 2, inabana mishipa na kuambia tezi zimekaa juu ya figo zitoe aldosteroni ndio mwili ushikilie chumvi. Sasa hiyo anjiotensini 2 ikizidi, inachochea seli za figo zitoe molekuli kali za oksijeni, zinaumiza vichujio polepole, protini inavuja, makovu yanaingia. Na mimi miaka yote nilidhani presha ni shida ya moyo tu!

Amewekwa losartani, inazuia hiyo anjiotensini isishike pahali pake. Tunarudi baada ya wiki 2 kupima potasiamu na kriatinini (uchafu wa damu ambao figo huchuja), juu hiyo dawa inaweza kupandisha potasiamu. Yule aliniambia nimchemshie majani ya kuosha figo, pole, daktari amekataa kabisa.

Chumvi mathe amekubali kupunguza. Lakini diklofenaki, dawa ya maumivu ya mgongo, ile alikuwa ananunua kwa kemisti kila wiki, ameambiwa aache juu inaweza kuumiza figo, na hadi tunafika nyumbani alikuwa bado amenuna.