Ushauri wakuu: maswali ya "tueleze siku ambayo..." kwenye usaili yananikwamisha

Binti wa Gungu:
Habari za humu wakuu. Niko Kigoma mjini, nina stashahada ya ununuzi na ugavi. Mwezi uliopita niliitwa Kasulu kwenye usaili wa karani wa ghala, shirika moja linalohudumia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mtihani wa kuandika nilifaulu. Kwenye mahojiano ya ana kwa ana nikaulizwa: "Tueleze siku ambayo mteja alikulalamikia, na wewe ulifanya nini." Nikajibu kwamba mimi ni mvumilivu, nina lugha nzuri kwa wateja. Mama mmoja wa jopo akasema kwa upole, "Hizo ni sifa mwanangu, sisi tunaomba tukio." Nikakosa la kusema. Kazi nikaikosa.

Wiki ijayo nina usaili mwingine Tabora. Sijawahi kuajiriwa, nimesaidia tu biashara ya mawese ya shangazi yangu Mwandiga. Hayo matukio nitayatoa wapi?

Mnyamwezi wa Cheyo:
Pole sana mdogo wangu. Nimekaa kwenye majopo ya usaili mara nyingi, nikueleze yanayotokea upande ule wa meza. Kila msailiwa anaulizwa swali lilelile, na kila mmoja wetu ana karatasi ya alama. Mtu wa nane kuingia asubuhi hiyo naye atasema ni mvumilivu. Usipotaja tukio, hatuna pa kukuwekea alama, hata kama tumekupenda.

Panga hivi: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa lipi, ulichukua hatua gani, mwisho ukawaje. Hali na jukumu vimalize kwa sentensi mbili tatu. Kwenye hatua ndipo ukae. Na acha "tulifanya", "tuliamua". Najua tumelelewa kwamba kujisifu ni utovu wa adabu, lakini jopo linataka kujua mkono wako ulifanya nini. Kusema ukweli wa kazi yako si majivuno.

Ugavi na Watu:
Naongezea. Kuna "ungefanya nini kama..." na kuna "ulifanya nini ulipo...". La kwanza linapima unavyofikiri, la pili linatafuta ushahidi. Mtafiti mmoja, Tom Janz, aliulinganisha usaili wa namna hii ya pili na ule wa maongezi huria tangu mwaka 1982. Hoja yake ni kwamba aliyoyatenda mtu jana ndiyo yanayokaribia zaidi atakayoyatenda kesho. Kwa hiyo usitunge. Watakufuatilia: ilikuwa lini, nani alikuwepo, kwa nini hukufanya vingine?

Fundi Kibirizi:
Mimi yananiuma haya maswali. Yanampendelea msemaji. Mtu anajua kazi, ila akibanwa hapo hapo, kumbukumbu inapotea.

Mnyamwezi wa Cheyo:
Kaka, hilo ni kweli na nimeliona likiwaumiza watu wazuri. Ndiyo maana nasema matukio yaandaliwe nyumbani, manne au matano: mgogoro, kosa ulilofanya, kazi ya haraka, mteja mkali. Na ruksa kusema, "Naomba nifikiri kidogo."

Binti wa Gungu:
Asanteni sana. Nijaribu. Mwaka juzi mteja alirudisha madumu mawili ya mawese, akidai hayafiki lita 20. Tulimwomba radhi, yakaisha.

Mnyamwezi wa Cheyo:
Aliyemwomba radhi ni nani? Na wewe ulifanya nini?

Binti wa Gungu:
Ni mimi. Shangazi alikuwa safarini. Nikayapima madumu yote 14 yaliyokuwa stoo mbele ya yule mteja, matatu mengine yakakutwa pungufu. Nikayajaza yote, nikamrudishia yake. Kesho yake nikaanzisha daftari: tarehe ya kila dumu na jina la aliyepima. Mpaka leo ananunua kwetu.

Mnyamwezi wa Cheyo:
Umeona? Kumbe unalo! Hiyo ni kazi ya ghala kabisa. Daftari bado lipo?

Binti wa Gungu:
Lipo, shangazi analitumia.

Mnyamwezi wa Cheyo:
Lipitie kabla hujapanda treni. Tarehe watakuuliza.