Mjadala: Mabaki mazito ya makaa ya mawe yanafaa kuwa lami ya Dar?

Mleta mada: Wakuu, makaa ya Mchuchuma, kule Ludewa, yakitajwa tu, hakosekani wa kusema tuyageuze mafuta, na mabaki mazito tuyamwage barabarani tuache kuagiza lami. Kwa njia aliyoanzisha mkemia Mjerumani Bergius mwaka 1913 (makaa yaliyosagwa, hidrojeni kwa shinikizo la zaidi ya angahewa 200, nyuzi 450 hivi) mabaki hayakwepeki. Naona wazo linafaa. Wataalamu?

Mkemia, Mlimani: Yatenganishe kwanza. Saga gramu 1, osha kwa kiyeyushi cha heksani kwenye Soxhlet (chombo cha maabara kinachoosha tena na tena) mpaka kiyeyushi kishuke bila rangi. Kilichotoka ni mafuta. Kilichobaki, kiyeyushi cha toluini kitakupa asfalteni (molekuli nzito), kisha cha tetrahidrofurani kitakupa preasfalteni (nzito zaidi). Mwisho ni majivu, kichocheo (kinachoharakisha mmenyuko) na makaa yaliyogoma. Kausha kwenye ombwe, hifadhi ndani ya naitrojeni: ukiacha wazi, hewa inaingiza oksijeni na sehemu ya asfalteni haiyeyuki tena kwenye toluini. Tetrahidrofurani isipoisha, kwenye NMR (kipimo cha sumaku cha muundo wa molekuli) inatokea karibu na 3.7 na 1.8 ppm; ukiihesabu kama mikia ya kaboni ya molekuli za lami, utadhani una lami nzuri.

Mkandarasi, Tabata: Mwalimu, asfalteni hata lami ya petroli inazo! Mimi napima sindano: gramu 100, sekunde 5, nyuzi 25. Ikizama milimita 6 hadi 7, hiyo ni lami ya daraja 60/70 (sehemu za kumi za milimita), namwaga.

Mkemia, Mlimani: Zinafanana kwenye kuyeyuka tu. Za petroli zina mikia mirefu. Za makaa ni pete za kaboni zilizoshikana, vimikia vifupi vya kaboni moja au mbili (methili na ethili), na fenoli (pete zenye OH) kibao. Ndiyo maana zinalegea upesi kwa joto na kukakamaa upesi kwa baridi. Sindano ya nyuzi 25 peke yake haikuonyeshi hilo; pima na joto la kulainika.

Mhandisi, Ubungo: Mimi nasema mabaki yarudi kwenye hidrojeni yawe mafuta. Ila majivu yatengwe kwanza kwa mnara wa ombwe (unaovukiza mafuta na kuyaacha majivu chini), la sivyo kichocheo kinaziba. Na usivukize mafuta kupita kiasi: vitu vigumu vikikaribia nusu ya mabaki, pampu inagoma.

Mleta mada: Gharama ya hidrojeni hiyo je? Barabarani ni rahisi zaidi.

Mhandisi, Ubungo: Rahisi kwa nani, mkuu? Pete hizohizo ndizo familia ya benzo(a)pirini, inayoleta saratani. Anayevuta moshi wake ni kijana wa beleshi.

Mkandarasi, Tabata: Nikichanganya asilimia 10 tu kwenye 60/70?

Mkemia, Mlimani: Jaza mchanganyiko huo kwenye mrija, usimamishe ovenini nyuzi 163 kwa saa 48, ugandishe, ukate juu na chini. Joto la kulainika likipishana zaidi ya nyuzi 2.5, zimeachana. Usimwage.